Vikombe, kokoto na Kitonga: safari ya ukaguzi wa umeme mkubwa, Morogoro hadi Njombe

Haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani, nikisaidiwa na daftari lililolowa mafuta ya transfoma na picha za kwenye simu, nyingi zikiwa za vibao vya mashine na boliti zenye kutu ambazo mke wangu ameshaniomba nizifute. Kazi yenyewe ilikuwa kukagua usalama wa mitambo ya wateja wanaopokea umeme wa kilovolti 33 moja kwa moja, wale ambao kwenye bei za TANESCO, shirika la umeme la Tanzania, wamo kundi la T3-MV, wenye transfoma na swichi zao wenyewe. Ukishavuka mita, kila kilichopo ni mali ya mteja na mzigo ni wake pia. Hapo ndipo tunapoitwa sisi. Majina yao siyataji; mkataba hauruhusu, na mmoja wao bado amenuna.

Tulikuwa mimi, kijana wa vipimo, na dereva wetu, mzee anayeijua barabara ya TANZAM kona kwa kona. Septemba tuliichagua kwa makusudi. Ardhi imekauka, na ardhi kavu haifichi ubovu wa ethi, yaani muungano wa mtambo na ardhi. Ukipima ethi mwezi Aprili baada ya wiki ya mvua utapata namba ya kumfurahisha meneja. Septemba inakupa namba mbaya kuliko zote za mwaka, nayo ndiyo ya kuandikia ripoti.

Jumatatu: Morogoro, Mikumi, Ruaha Mbuyuni

Asubuhi ilikwisha kwenye kupakia. Fimbo za kupimia, ethi za kubebeka, kipimo cha insulesheni cha volti 5,000, kamera ya joto, kufuli, vibao vya hatari. Glovu za mpira tulizijaza upepo moja moja, tukazikunja na kusikiliza kama zinavuja. Jozi moja ilikuwa na tundu lisiloonekana kwa macho. Kijana akaikata kwa mkasi papo hapo ili asije mtu akaiokota na kuivaa.

Mikumi barabara inakatiza mbuga kwa karibu kilomita 50. Mwendo ni wa pole kwa lazima, na kuna ubao wa faini za kugonga wanyama, ambapo kichwa cha twiga kina thamani kuliko gari letu. Mchana tulikula Mikumi mjini: wali, maharage na mboga ya majani kwa 3,500, samaki ukiongeza unafika 6,000. Dereva hakula. Anasema dereva aliyeshiba ni abiria.

Ruaha Mbuyuni tulifika saa kumi jioni, joto likiwa bado kali na magunia ya vitunguu yamepangwa barabarani pande zote mbili. Mteja wa kwanza alikuwa na pampu za kumwagilia karibu na mto, zikilishwa na transfoma juu ya nguzo mbili. Meneja alikuwa hajafika, jambo ambalo kwangu si hasara. Nina mazoea ya kuzungumza na mlinzi kwanza.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, wanangu. Mmekuja kuinyamazisha hii?"

"Inafanyaje?"

"Alfajiri inakaanga. Kama maandazi. Na usiku wa umande inatoa moto wa buluu."

Alishawaambia mafundi waliokuja mwaka jana. Walikuja mchana, wakatazama juu, wakasaini karatasi, wakaondoka. Gesti ya hapo ilikuwa 15,000 kwa chumba, feni ipo, maji ya ndoo.

Jumanne: alfajiri chini ya nguzo, jioni Kitonga

Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa palepale, kwa umbali wa kutosha, giza bado zito na ubaridi unapanda kutoka mtoni. Ilikuwa inakaanga kweli. Juu ya vikombe viwili vya fezi ya kati, vile vinavyoshika waya ili umeme usifike kwenye nguzo, cheche ndogo za buluu zilitambaa, zikazima, zikaibuka upande wa pili.

Vumbi la shamba likiwa kavu halina neno. Umande ukililowesha, uso wa kikombe unageuka njia ya umeme. Umeme kidogo unapita na kukausha ukanda mwembamba, kisha volti zote zinabanwa kwenye ukanda huo na cheche inaruka. Siku ikiruka urefu wote wa kikombe, laini inakatika. Na kama nguzo ni ya mti, umeme unaovuja unaweza hata kuiwasha. Kwa hiyo manyunyu ya mwanzo wa msimu, yanayolowesha bila kuosha, mara nyingi huvisumbua vikombe kuliko mvua kubwa. Saa mbili asubuhi jua lilikuwa limekausha kila kitu na pale juu palikuwa kimya. Waliosaini mwaka jana hawakudanganya; walikuja saa isiyofaa.

Muda wetu wa kuzimiwa umeme ulikuwa saa tatu. Ukasogea hadi saa tano na nusu, nasi tukakaa chini ya mbuyu huku wakulima wakipita kuuliza maji yatarudi lini.

*Kwa atakayefanya kazi hii:* kuzima ni mwanzo tu wa usalama. Baada ya fyuzi za juu ya nguzo kushushwa, tulizitoa kabisa na kuzifungia kwenye gari letu, funguo mfukoni mwangu, ili asiwepo msamaria mwema wa kurudisha umeme. Kisha tukapima kama laini imekufa kweli. Kipima kwanza unakijaribu mahali unapojua pana umeme, au kwa kifaa chake cha majaribio, unapima laini, halafu unakijaribu tena. Ukimya wa kipima unaweza kutokana na laini iliyokufa au betri ya kipima iliyokufa, na kwa sikio huwezi kuvitofautisha. Baada ya hapo ndipo ethi za kubebeka zinapandishwa: upande wa ardhini unafungwa kwanza, kisha fezi zote tatu. Wakati wa kuondoa, ardhini ni mwisho. Mwisho unaweka uzio au kamba kati yako na chochote kilichobaki na umeme karibu.

Kikombe kimoja kilikuwa na ufa. Kilibadilishwa, vingine vikafutwa. Ningeondoka hapo nikiwa nimeridhika kama si ethi. Unachomeka vijiti viwili vya chuma ardhini kwa mstari mmoja, cha mbali kikiwa mita 50 na cha kati kwenye asilimia 62 ya umbali huo, yaani mita 31. Unasoma, kisha unakisogeza cha kati mbele na nyuma mita chache kuona kama namba inatulia. Yetu ilitulia vizuri sana kwenye ukinzani wa omu 63. Mchoro wa ujenzi ulisema chini ya 10.

Babu alikuwa na uhakika hapo hapana shida. "Waya ule pale, unauona." Ulionekana kweli, umeshuka na nguzo na kuzama ardhini. Kijana alichimba sentimita chache, na waya ukaishia hapo, umekatwa kwa msumeno. Wezi wa shaba walichukua yote ya chini, wakaacha ya juu ionekane. Vizuia radi, tangi la transfoma na fremu za swichi vyote vilikuwa vimebaki na muungano hafifu tu wa kubahatisha. Hitilafu ikitokea hapo, mwendesha pampu anaweza kushika kipini cha swichi chenye volti za kuua, na fyuzi isikatike kwa sababu umeme haupati njia nzuri ya kurudi.

Babu aliumia kuliko meneja. Alikaa kwenye jiwe akihesabu ni usiku gani angeweza kuwa amelala. Nilimwambia ukweli, kwamba kazi ya dakika kumi haihitaji mlinzi alale usiku kucha, lakini sidhani kama ilimsaidia.

Rodi za chini zilikuwa nzima. Tuliziunganisha kwa kipande cha shaba tulichotembea nacho, tukapata omu 9, na tukaandika kwamba waya wa kudumu uwe wa chuma kilichovishwa shaba, ambao kwa wanunuzi wa vyuma chakavu hauna thamani. Maji yaliporudi, mkulima mmoja alikuja na kiroba cha vitunguu, akakitupa nyuma ya gari na kuondoka bila kungoja shukrani. Gari lilinuka vitunguu hadi Njombe.

Mlima wa Kitonga tuliuanza saa kumi na mbili kasoro, kosa la ratiba ambalo dereva alilionya tangu saa nane. Lori lilikuwa limevunjika ekseli kwenye kona nyembamba, na foleni ikasimama juu na chini. Gari letu likachemka. Utingo wa lori la mbele alishuka na dumu la maji la lita tano, akamwagia rejeta yetu kwa utaratibu, na hela akaikataa: "Mlima huu leo wako, kesho wangu."

Nyani walikaa kwenye ukingo wa barabara wakitutazama, na kijana akaanza kuwasimulia madereva habari ya Gitaru. Tarehe 7 Juni 2016 tumbili alipanda paa la kituo cha Gitaru nchini Kenya, akaangukia transfoma. Transfoma ikajikata, mashine nyingine zikaelemewa, zaidi ya megawati 180 zikapotea na nchi nzima ikaingia gizani kwa zaidi ya saa tatu. "Na tumbili?" aliuliza utingo. Alipona. Watu walicheka, lakini kwenye fomu yetu kuna ukurasa mzima wa matundu: mfereji wa nyaya usiozibwa, dirisha la chumba cha swichi lisilo na wavu, mti unaogusa uzio. Nyoka na panya hawahitaji paa.

Tuliingia Iringa usiku mwingi. Chumba 40,000, maji ya moto yapo, na baridi ya kilima baada ya joto la Mbuyuni iliwafurahisha wote isipokuwa dereva.

*Kwa anayepita:* panda Kitonga kabla ya saa tisa, na usiendeshe bila maji ya akiba hata kama gari ni jipya.

Jumatano: Iringa, shamba la mchicha

Kinu cha nafaka, transfoma ya chini ndani ya uzio, kVA 1,000. Getini tulipokelewa na mama mlinzi.

"Kamwene."

"Kamwene, mama. Habari za hapa?"

"Salama. Karibuni, ila msikanyage mchicha wangu."

Mchicha ulikuwa ndani ya uzio wa transfoma. Matuta manne yaliyopaliliwa vizuri, na ndoo ya kumwagilia ikining'inia kwenye kipini cha lango. Sikuwahi kuona uwanja wa umeme uliotunzwa kwa upendo kiasi kile, na ilinibidi nipate maneno ya kumweleza.

Kokoto zinazomwagwa kwenye uwanja wa umeme watu huzidhania mapambo, au dawa ya matope. Kazi yake ni kuwa kiatu cha ziada. Hitilafu kubwa ikiingia ardhini, udongo wenyewe unapanda volti, na volti hizo zinapungua kadiri unavyokwenda mbali. Mtu mwenye mguu mmoja hapa na mwingine kule anaweza kuunganisha sehemu mbili zenye volti tofauti. Aliyeshika tangi yuko hatarini zaidi. Tabaka la kokoto safi la sentimita kumi hadi kumi na tano, hata likilowa, linauzuia umeme usipite kirahisi kuingia mwilini kuliko udongo uliolowa. Mchicha unataka kinyume chake: udongo laini, wenye maji, kila siku.

Kokoto zilikwenda wapi? Mama alitunyooshea kidole. Masika iliyopita njia ya kwenda ofisini ilikuwa tope, uongozi ukaagiza kokoto zihamishiwe huko. Pakabaki udongo mtupu, na mama akaona ni dhambi kuuacha. Hakuna aliyewahi kumwambia zile kokoto ni za nini. Sijui ningemlaumu kwa lipi. Meneja alipofika na kuanza kumfokea, dereva wetu, ambaye kwa kawaida haingilii kazi za watu, alisema taratibu: "Bosi, kokoto umezikanyaga ukija."

Kwenye ripoti tuliandika kokoto zirudi, lango lifungwe kwa kufuli, na tukaongeza mstari ambao si wa kihandisi: mama apewe eneo lingine la kulima. Mchicha ulivunwa siku hiyohiyo na robo yake tukapewa.

Transfoma yenyewe ilikuwa imechoka. Vidonge vya kupumulia, vinavyonyonya unyevu wa hewa inayoingia na ambavyo vikiwa vikavu ni vya buluu, vilikuwa waridi vyote, maana yake hewa ilikuwa inaingia na unyevu wake. Tulichukua mafuta kwa chini na kuyajaribu kwenye kikombe cha majaribio chenye mwanya wa milimita 2.5. Unapandisha volti hadi cheche ikatize mafuta, mara sita, unachukua wastani. Tulipata kilovolti 22. Kwa transfoma ya msongo huu, chini ya 30 mafuta ni mabovu. Kibao kilionyesha ni ya miaka ya sabini, hivyo sampuli nyingine ilifungwa kwenda maabara kupimwa PCB, kemikali ambayo Mkataba wa Stockholm wa 2001 unaipiga vita. Yakikutwa nayo kwa zaidi ya sehemu 50 kwa milioni, mafuta hayo hayachujwi kwa mtambo unaozunguka kwa wateja wengine, kwa sababu utausambaza ugonjwa kwa kila transfoma utakayoihudumia. Usiyamwage. Na usimpe mtu, hata akikuambia ni ya kupaka nguzo za zizi.

Alhamisi: Mafinga

Karibu kilomita 80, misonobari pande zote, malori ya mbao, na yadi za nguzo za umeme zilizokwisha kutiwa dawa. Kiwanda cha mbao tulichokwenda kilikuwa kimesimama. Msumeno mkubwa umepasuka na mpya uko njiani. Meneja alishangaa tulipokataa kuanza. "Si ndiyo vizuri, hakuna kelele?"

Kamera ya joto haioni ubovu, inaona joto, na kiungo kibovu bila mzigo hakipati joto. Kiwanda kikiwa kimelala utapiga picha za kupendeza za rangi ya zambarau na kuandika kwamba kila kitu ni salama. Mimi sipigi picha mzigo ukiwa chini ya asilimia 40. Tukangoja. Muda huo tulikagua nguzo zao kwa nyundo: unagonga kuanzia usawa wa kiuno kushuka chini, nguzo nzima inatoa mlio mkali, iliyooza ndani inatoa mlio mzito uliokufa. Uozo hupenda usawa wa ardhi, ambapo unyevu na hewa hukutana. Mbili zilipakwa alama nyekundu, katika mji unaotengeneza nguzo.

Msumeno uliwaka saa tisa. Baada ya nusu saa ya kupasua magogo kamera ilituonyesha kiungo kimoja kwenye upande wa kilovolti 33 kikiwa nyuzi 96, wenzake wawili wakiwa 38 na 40. Mzigo uleule, upepo uleule, kwa hiyo tofauti ile haina utetezi. Laini ilipozimwa kesho yake asubuhi tukakuta waya wa alumini umefungwa moja kwa moja kwenye boliti ya shaba, bila kiungo maalumu cha metali mbili. Vikikutana hivyo, unyevu ukaingia, alumini inalika, ukinzani unapanda, joto linapanda, boliti inalegea, na mzunguko unaanza upya hadi kitu kiyeyuke.

Aliyefunga alikuwa nani? Kimya. Baadaye mpishi wa kantini, akituletea chai, alisema ni "yule kijana wa Jumapili". Kishoka, kwa lugha nyingine. Alifanya kwa bei ya chini, hakuacha risiti, na jina lake hakuna anayelikumbuka ingawa watu wote walikumbuka pikipiki yake. Leseni za ufungaji umeme hutolewa na EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, kwa madaraja. Kabla hujampandisha mtu kwenye kilovolti 33, omba uione, usome daraja lake.

Jioni mvua nyepesi ilinyesha, tukanunua mahindi ya kuchoma, 500 kila moja. Ulanzi, pombe ya mianzi, tuliutazama tu. Mtu wa kupanda nguzo kesho asubuhi hana ruhusa.

Ijumaa

Matengenezo ya Mafinga hadi saa sita, kisha Makambako, kisha Njombe. Barabara nzuri, hakuna la kusimulia.

Jumamosi: Njombe, baridi na michoro

Njombe iko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari, na asubuhi hata dereva alivaa oveloli yangu ya akiba. Mwinuko huo si habari ya makoti tu. Vifaa vingi vya umeme mkubwa huundwa kwa matumizi ya hadi mita 1,000. Juu ya hapo hewa ni nyepesi, inazuia umeme vibaya zaidi na inapoza vibaya zaidi, hivyo mnunuzi anatakiwa ataje mwinuko wakati wa kuagiza. Kwenye kiwanda cha chai tulichokagua, vibao viwili kati ya vyote vilisema mita 1,000. Tumeandika wakapewe hesabu na mtengenezaji. Si jambo la kuzima kiwanda, ni jambo la kujua.

Siku hiyo ilikuwa ya kutembea na mchoro mkononi. Breka iliyoandikwa "Ghala" ililisha boila. Maandishi yalibadilishwa ukutani lakini si kwenye mchoro, au kinyume chake. Hapa ndipo mafundi huuawa na watu wasio na nia mbaya: unazima "Ghala", unakwenda kufungua vifaa vya ghala, kumbe ulichozima ni boila.

Chakula cha jioni kilikuwa viazi na maharage, 3,000, na parachichi la bure kutoka kwa mwenye mgahawa aliyesema msimu huo hayauziki.

Jumapili: kengele iliyokatwa

Chai haichakatwi Jumapili pale, kwa hiyo tulipewa siku nzima. Kabla ya kuzima, nilitazama paneli ya kinga: kioo cha relay, kifaa kinachohisi hitilafu na kuiamuru breka ikate, kinawaka, taa ya kijani, kila kitu shwari. Fundi wao akafungua breka kuu ya kilovolti 33. Umeme ukakatika. Na kioo cha relay kikazima hapohapo.

Tulitazamana. Relay na koili ya kukata breka hulishwa na betri, hapa za volti 110, kwa sababu moja: shoti kubwa ikitokea, volti za kawaida huanguka, na chaja haitoi kitu wakati uleule unapohitaji nguvu ya kukata. Hapa chaja ndiyo iliyokuwa inaiwasha relay peke yake. Betri tulizipima zikawa na volti 31. Kiwanda kilikuwa kinaendeshwa na breka isiyoweza kukata siku ya hitilafu, huku taa yake ikiwaka kijani. Moto wa arki kwenye swichi za msongo huu unaweza kufika nyuzi elfu kadhaa kwa sehemu ndogo ya sekunde, na chumba kilikuwa na mlango mmoja.

Mlinzi wa usiku alikuwa anamalizia zamu. Nilimuuliza kama chaja imewahi kupiga kelele.

"Mbona ililia kuanzia Pasaka, mzee. Usiku kucha. Nikasema. Wakaja, wakakata waya wa kengele. Nikalala."

Alituonyesha waya. Ulikuwa umekatwa vizuri na kufungwa kwa utepe.

Meneja alitaka umeme urudi saa kumi. Majani mabichi yangeingia alfajiri na yasipochakatwa yanaharibika. Sisi hatuna mamlaka ya kumfungia kiwanda. Nilichofanya ni kuandika kwenye kibali cha kazi kwamba breka haina nguvu ya kukata, nikampa kalamu asaini kwamba anaijua hali hiyo na anaagiza iwashwe. Aliisoma mara mbili. Akairudisha kalamu.

Betri mpya zilikuwa Dar es Salaam. Wazo lilitoka kwa dereva wetu: kwenye yadi kulikuwa na malori ya chai yamelala. Betri tisa za volti 12 kwa mfululizo ni volti 108. Madereva waliamshwa mmoja mmoja kwenye nyumba zao, na hakuna aliyegoma. Mmoja alikuja na betri begani na mtoto mkononi. Tukazipanga sakafuni kwenye ubao mkavu, mbali na cheche, chaja ikashushwa kidogo. Tukaichokoza relay kwa kifaa cha majaribio. Breka ikakata kwa kishindo, mara ya kwanza, ya pili, ya tatu, kila mara chaja ikiwa imezimwa. Sipendekezi betri za malori kama kinga ya umeme, na ripoti inazipa siku saba tu.

Kebo kuu nayo tuliipima kwa volti 5,000, dakika kumi, ikawa nzima. Ukimaliza kipimo hicho usiiguse: kebo ndefu inabaki na chaji. Iunganishe na ardhi na uiache hapo kwa muda mrefu kuliko ulioipima.

Umeme ulirudi saa moja usiku.

Jumatatu, na yaliyofuata

Njombe hadi Morogoro kwa siku moja, Kitonga tukiishuka saa sita mchana bila foleni. Gharama kubwa kuliko zote ilikuwa dizeli, ikifuatiwa na vyumba. Kibali cha kukagua kwa muda wa kuzima umeme kiombwe angalau wiki mbili mapema. Sisi tuliomba siku kumi na ndiyo maana Jumanne iliharibika.

Wenye pampu wameshavuta waya mpya. Mafinga wamebadilisha viungo vyote vitatu na nguzo moja. Ya pili wanasema bado ina nguvu, na wanaendelea kusema. Kinu cha Iringa kinasubiri majibu ya PCB. Kiwanda cha chai kimefunga betri mpya siku ya sita, madereva wakarudishiwa zao, kisha uongozi ukatuandikia barua ya heshima kuomba tuondoe aya ya kengele kwenye ripoti, kwa kuwa "tatizo limekwisha". Aya imebaki. Awamu ya pili ya malipo pia imebaki, huko kwao.